Orrin Ameona Nini?

Verna alisogeza farasi wake, akaandika hatua hiyo kwenye karatasi, akakunja mikono. Hii ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji pale mjini Duluth, katika ukumbi wa chini ya kanisa, na mbele yake, ng'ambo ya ubao na saa ya mchezo, alikaa Orrin, fundi bomba aliyemfunga miaka miwili mfululizo.

Orrin hakucheza. Aliinama, kidevu mkononi.

Jasho likaanza kumtoka Verna. Huyu mzee ameona nini? Malkia wangu? Akakagua ubao mraba kwa mraba, asione kosa, akaanza kukagua upya.

"Cheza basi, Orrin! Unangoja theluji iyeyuke?"

"Haraka ya nini, bibie? Mimi nimetulia zangu."

Mara saa ikalia. Orrin akanyoosha mkono kumwita mwamuzi.

Ndipo Verna alipoitazama saa. Baada ya kusogeza farasi alisahau kubonyeza kitufe cha kusimamisha muda wake na kuanzisha wa Orrin, na dakika zote zile zilizokuwa zikikatika zilikuwa zake mwenyewe.

Na Orrin, fisi yule, wala hakuwa akiutazama ubao.