Mwanafunzi Mpole Kuliko Wote

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ya kufunguliwa shule ni kisigino cha binti wa mama mdogo. Kilikuwa nje ya kiatu. Shule ilifungwa miezi minane kwa sababu ya gonjwa, lakini mguu haukupewa taarifa, ukaendelea kukua. Akakanyaga kiatu nyuma kama ndara, tukaondoka.

Nyumbani tunamwita Redio. Akiamka amewaka, mpaka alale ndipo azimike. Mama mdogo ni muuguzi, na miezi ile yote alishinda wodini zaidi kuliko nyumbani, hivyo simu ya masomo alituachia sisi. Kila saa tatu asubuhi mwalimu wa hesabu alituma maswali, na wanafunzi walijibu kwa ujumbe wa sauti. Saa tatu Redio alikuwa bado amelala fofofo, mimi nimeshaosha vyombo na kudeki. Siku ya kwanza nilijibu ili asiandikwe mtoro. Siku ya pili nilijibu kwa sababu jibu nililijua. Baada ya hapo sikutafuta tena sababu.

Mimi niliishia darasa la tano, mama alipougua. Darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Mwalimu akiniangalia, hata jina langu linanitoka. Lakini simu haina macho. Nilijifungia stoo, nikanong'ona jibu kati ya ndoo na mifagio, na baada ya muda mwalimu anajibu: "Safi sana, binti." Sauti hiyo nilikuwa naisikiliza mara mbili mbili kabla ya kwenda kumwamsha mwenye masomo.

Getini tulinawishwa mikono, tukapimwa joto kwenye paji la uso, tukaelekezwa darasani. Madawati yalikuwa yametenganishwa kama watu waliogombana. Mama mdogo alikuwa zamu, kwa hiyo mzazi siku hiyo nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, mwalimu," Redio alisema, kwa sauti iliyofika mpaka getini.

Mwalimu wa hesabu, aliyehamia shule ikiwa imefungwa, alimuuliza jina, akashtuka kidogo. "Marahaba. Ndiye wewe yule mpole?"

"Mimi?"

"Usiogope, mwanangu. Nimeshawaambia wenzangu, huyu mtoto ana haya, msimfokee." Akanigeukia. "Dada, kamwambie mama yake tunamrusha darasa. La sita aliache, aingie la saba moja kwa moja. Mtihani wa mwisho ni baada ya miezi mitatu."

Redio alinitazama. Yalionekana macho tu juu ya barakoa, ila yalitosha. Ukimshtukiza, hata nusu ya nane haijui, na mtihani ule ukiufeli hakuna kurudia. Shule inaishia hapo, kama yangu.

"Mwalimu, siyo mimi," akasema. "Aliyekuwa anajibu ni dada huyu."

Mwalimu alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani, akaipandisha. "Unaona? Hata sifa zake anamgawia mwenzake. Eti dada, ni kweli?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nikaangalia sakafu.

"Mimi niliishia la tano," nikasema. Haukuwa uongo.

"Basi. Lakini hebu tuhakikishe kidogo," akamwambia Redio. "Pipa lina lita mia mbili na arobaini za maji. Theluthi mbili zimetumika. Zimebaki lita ngapi?"

"Inategemea, mwalimu. Nani ameoga?"

"Taratibu. Vuta pumzi."

Mwalimu akainama kutafuta kalamu kwenye droo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma ya Redio. Alichotakiwa ni kukosa tu. Angekosa, angebaki la sita na wenzake, na mambo yangekwisha salama.

"Themanini," nikasema, kwa mnong'ono ule ule wa stoo.

Mwalimu akainua kichwa. Mbele yake kulikuwa na barakoa mbili, mdomo hata mmoja hauonekani.

"Sauti yenyewe ndiyo hiyo," alisema, akaandika jina la Redio kwenye orodha ya la saba. "Safi sana, binti."

Mchana nilipokwenda kumchukua, Redio hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani. Sijawahi kumwona hivyo tangu azaliwe.

"Dada, ulidhani unanisaidia?"

"Eeh."

"Na kwenye mtihani utaninong'onezea ukiwa wapi? Chini ya dawati?"

"Tutasoma wote. Utaweza."

"Nitaweza nini, na wewe unajua nilikuwa nimelala?" Halafu akacheka, akanishika mkono. Redio hana kinyongo, ana kelele tu.

Sikuwa nataka kumsaidia. Niliona kabisa kwamba anakaribia kuokoka. Nilitaka mwalimu aniambie safi nikiwa nimesimama mbele yake, mara moja tu. Na miezi ile yote, mama mdogo alipokuwa akirudi amechoka na kuomba gonjwa liishe, mimi niliitikia amina, na moyoni nikaomba liende polepole.