Mikono Miwili ya Kushoto

Abiria alikata mkono wa pili wa koti la bwana harusi huku akimpa dada yake vidonge vyake. Kichwani, bila shaka. Humo hakuwa na mpinzani: dada analia, anaomba radhi, majirani wamejaa mlangoni wanapiga makofi. Wateja walimbandika jina hilo la Abiria kwa sababu mwili wake ulikuwa katika duka la ushonaji la dada yake, mwenyewe yuko safarini.

Makofi yalipokwisha, mezani palikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Kitambaa kilikuwa na mng'ao upande mmoja tu, hakigeuziki. Bwana harusi alikitoa mbali, na koti alilitaka kesho asubuhi.

"Wewe una akili kweli?" Dada aliutupa mkono ule mezani. "Mara ya tatu mwezi huu! Fungasha vitu vyako uondoke. Nimechoka kulea mtu mzima!"

Damu ilimchemka. Hotuba ile ikaanza tena kujipanga kichwani, tamu, pamoja na makofi yake. Akaichukia. Miaka yote inamla, na anayehusika hajawahi kusikia hata neno moja.

"Ulinitoa chuoni," akasema. "Miezi miwili tu, ulisema, nije nimuuguze mama. Mama amekufa, mwaka wa tisa huu, bado nakupindia pindo. Hujawahi hata kuniuliza!"

Hakuna aliyepiga makofi. Dada hakulia wala hakuomba radhi. Aliketi.

"Mbona hukusema?"

"Nasema kila siku!" Abiria akafoka, halafu akatambua kwamba kila siku alisema kichwani tu.

Akalivuta kapu la mabaki kwa hasira. Vilipatikana vipande viwili vya kitambaa kile kile. Vingeungwa kwapani, mshono usingeonekana. Akavilaza, akavibana pini. Mkasi ulipoanza kutembea, akili nayo ikataka kuchomoka: safari hii dada anapiga magoti.

"Mkono wa kulia," akasema kwa nguvu, kama anayefukuza kuku jikoni. "Wa kulia!"

"Wa kulia," Dada akaitikia ng'ambo ya meza, bado amenuna, ameshika kitambaa kisiteleze. Kisha akaongeza, "Hilo la chuo tutalizungumza koti likiisha. Na mimi nina yangu ya kukwambia."

"Uyaseme kwa sauti," Abiria akajibu, bila kuondoa macho kwenye mkasi.