Watani wa Barabara ya Burma

Babu Mark alipokataa uji kwa siku ya nne, Mwatumu alijua tumbo halina kosa. Tumbo la mtu wa miaka mia moja lina vituko vyake, lakini lile lilikuwa limenuna tu, likimfuata mwenyewe.

Mwatumu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa akiwahudumia wazee wa Greenbelt, Marekani, mwaka wa kumi na nne. Kawaogesha, kawavalisha, na wengine kawasindikiza makaburini. Katika wote hakuna aliyempenda kama huyu, dereva wa zamani wa jeshi, mwembamba kama ufito, meno ya kubandika, ila ulimi wake mwenyewe.

Ulimi huo ndio uliozua kisa. Mwezi wa Novemba, siku ya kuwaenzi askari wastaafu, ukumbi wa nyumba yao ya wazee ulijaa watoto wa shule. Binti mmoja akauliza: "Babu, wewe uliendesha lori kule Burma, ukiwapelekea Wachina vifaa vya vita. Walikuwa watu gani?"

Sasa Babu Mark ni mtu ambaye watu wakicheka mara moja hataki waishie hapo. Akajibu: "Askari wao walikuwa simba. Maofisa wao walikuwa wauza petroli. Sisi tunaingiza kwa mlango wa mbele, wao wanatoa kwa mlango wa nyuma."

Watoto wakaangua kicheko. Mzee Shen hakucheka. Alikuwa safu ya mbele, kavaa tai, picha ya marehemu baba yake mapajani. Baba huyo alikuwa ofisa wa Kichina katika vita hivyo hivyo, Wachina na Wamarekani walipokuwa upande mmoja wakipigana na Wajapani. Mzee Shen akainuka polepole, maana miaka themanini na saba haina mbio.

"Na jenerali wenu," alisema, "aliliongoza jeshi letu kama mtu aliyeazima punda. Anampiga asubuhi, anampiga jioni, akijua akifa, hasara ni ya mwenyewe."

Akatoka. Miaka sita wazee hao walikuwa wakicheza sataranji ya Kichina kila siku saa nne asubuhi, majirani wa mlango kwa mlango. Tangu siku ile, saa nne ikigonga, Babu Mark alisogeza kiti chake cha magurudumu mlangoni akatega sikio. Mlango wa pili kimya. Halafu ikaja habari kwamba Irene, binti yake Mzee Shen, anamhamishia baba yake California, Jumamosi. Uji wa siku ya nne ulipokuwa ukipoa, ilikuwa tayari Jumatano.

"Nenda kamwombe radhi," Mwatumu alimwambia.

"Nilikuwa natania, Mama Mwatumu."

"Ulitania bila kibali, Babu."

"Kibali kinatolewa ofisi gani?"

Mwatumu alitoka na swali hilo kazini, akapanda nalo basi hadi Langley Park, kwenye duka la Tito, Mnyamwezi anayeuza unga na dagaa.

"Karibu, Mzaramo!" Tito alipaza sauti mbele ya wateja. "Leo hakuna ngoma? Nani amekufungulia?"

"Nyamaza, mpagazi. Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani, wewe kiroba cha unga kinakutoa machozi."

"Sikiliza huyo! Kwenu mnakaa kungoja embe lidondoke lenyewe!"

Mwatumu akachukua pakiti ya dagaa, akaitumbukiza mkobani bila kuuliza bei, akaondoka. Tito alimlaani hadi mlangoni, macho yakicheka. Mtani akikuchukulia kitu, utasema nini? Wazee wa Tito walipita kwa wazee wa Mwatumu wakiwa na mizigo, wakalala uani, wakagombania maji na mihogo, wakaugua, wakazikana. Mwisho wakaona matusi hayaishi, basi bora yasiume.

Akisubiri basi kando ya reli mpya inayojengwa miaka nenda miaka rudi, Mwatumu alijipiga paja. Njia moja, njaa moja, malaria moja! Wale wazee hawakuwa maadui. Walikuwa watani, ila hakuna aliyewaarifu.

Ijumaa saa nne kamili alibisha mlango wa Mzee Shen. Irene alifungua, mkononi utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Mzee alikuwa amekaa katikati ya mizigo, chupa yake ya chai miguuni.

"Wewe mzee wa Kichina," Mwatumu alianza, "unakimbia mpaka California kama kuku aliyeona kisu? Baba yako aliwakabili Wajapani, wewe umeshindwa na kibogoyo mmoja?"

Mwatumu akainama, akaibeba chupa ya chai, akatoka nayo.

"Wewe mama! Rudisha!" Irene alifoka. "Nawapigia ofisini sasa hivi!"

Mfanyakazi wa wazee akitajwa kwa wizi, hana tena mlango wa kugonga mji huu. Lakini utani ukiuanza huuachi njiani. Akatembea kwa maringo kama anayepeleka sinia la pilau harusini, nyuma yake Mzee Shen kwa ndala, nyuma yake tena Irene na simu, mpaka sebuleni kwa Babu Mark.

"Binti, nipe dakika tano, kisha piga," Mwatumu alisema, akaiweka chupa katikati ya wazee. "Kwetu, watu waliopita njia moja ya shida ni watani. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anakuchukulia chako, humshitaki. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha msibani. Anayetaka chai na aitukanie."

Mzee Shen akakohoa. "Nyama yenu ya kopo," alisema, "baba yangu alisema mbwa wa kwetu Yunnan waliifukia."

"Tulidhani mmeila," alijibu Babu Mark. "Na makopo hatukuyaona."

Mzee Shen aliuma midomo, kicheko kikampenya puani. Irene akateremsha simu. Mwatumu akadhani amemaliza kazi, lakini Babu Mark alikuwa ameinamia mikono yake.

"Shen, ile petroli," alisema. "Niliuza mimi. Mapipa mawili. Nilikuwa nafikisha miaka kumi na tisa, nikayabadilisha kwa bata wa kuchoma. Aliyelaumiwa ni kapteni wa Kichina. Walimvua cheo mbele yangu, nami mdomo unanukia bata. Ukumbini pale, mtoto aliponiuliza, nikasema tena ule ule uongo wa siku ile."

"Jina lake?"

"Sikuwahi kuliuliza."

Mwatumu akajuta kuishi. Utani una mipaka yake, na hapa palikuwa na cheo cha mtu.

"Kwa niaba ya kapteni huyo siwezi kukusamehe," Mzee Shen alisema mwishoni. "Wala baba yangu angekuwepo asingeweza." Akajimiminia chai. "Alikuwa mtamu?"

"Nani?"

"Bata."

"Sijaonja kama yule maisha yangu yote."

"Basi faini ni bata. Mzima. Na watoto wale wa shule utawaandikia barua, uwaambie muuza petroli ni nani."

"Mkono unatetemeka."

"Mimi nitaandika. Wewe utasema, pole pole, nisikose hata neno."

Irene ndiye aliyetumwa Rockville kufuata bata. Aliporudi, barua ilikuwa imeshafika ukurasa wa pili na wazee wanabishania kama yalikuwa mapipa mawili au matatu. Babu Mark alikamata paja kwa mikono miwili, akalitafuna mpaka meno ya kubandika yakalalamika. Alipoweka mfupa chini, Mzee Shen alinyoosha uma, akamnyang'anya bawa sahanini.

"Kesho naondoka," alisema, bawa mdomoni. "Utakufa lini, nije kukucheka?"

"Nauli ya ndege ikishuka nitakuarifu," Babu Mark alijibu, akasogeza sahani. "Mama Mwatumu, mwambie huyu mwizi aniachie shingo."

Mwatumu alikuwa ameshaila.