Aliyeangushwa Hupiga Mwenyewe

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mchanga umenijaa mdomoni, na watu wasiopungua mia nne walikuwa wananiomba nisiinuke.

"Lala, Mwalimu! Lala hapohapo!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwinjuma, kipa na nahodha wetu, aliyekuwa akipiga kelele kutoka golini kwake. "Usitikise hata kidole!"

Ilikuwa Jumapili, ufukwe wa Kawe, saa kumi na moja jioni kasoro dakika chache. Fainali. Nne kwa nne. Saa ya mezani ilikuwa imesimamishwa zikiwa zimebaki sekunde kumi na moja. Niligeuza shingo kidogo nikaliona benchi letu. Talha alikuwa ameshavua kizibao cha njano cha wachezaji wa akiba na alikuwa anapiga hatua kuelekea mstarini.

Kwa asiyeujua mchezo wetu lazima nieleze kanuni moja, maana bila hiyo kelele za siku ile zitaonekana za kichaa. Katika soka la ufukweni timu ina watu watano, wanacheza pekupeku, na kila faulo huzaa mpira wa adhabu wa kupigwa moja kwa moja golini. Hakuna ukuta. Karibu na goli la wapinzani, mpigaji anabaki na kipa tu mbele yake. Lakini timu haina ruhusa ya kumchagua mpigaji. Aliyeangushwa ndiye hupiga mwenyewe. Akiumia kiasi cha kutoka uwanjani, na hapo tu, anayeingia badala yake ndiye hupiga.

Nilikuwa nimeangushwa mimi. Aliyekuwa anasubiri kuingia ni Talha.

Talha Suleiman alizaliwa Kawe, kama baba yake na babu yake. Riziki yake ilitoka kwenye ufundi wa majokofu. Jina lake lilitoka mchangani. Kabla ya siku hiyo alikuwa amecheza fainali sita na amefunga katika kila moja. Takwimu hiyo naijua kwa sababu niliiandika mimi. Nimekuwa mtunza daftari la timu tangu msimu wangu wa kwanza. Hii ya saba ilikuwa ya mwisho. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na goti lake la kulia lilimruhusu dakika nne uwanjani kwa kila dakika sita za benchi. Mke wake, Munira, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikataa kuja kutazama watu wazima wakigombania mpira juani, safari hii alikuwa amekuja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, na binti yao Lulu miguuni pake. Talha alikuwa amemwahidi goli. Hadi sekunde zile kumi na moja za mwisho hakuwa amelipata.

Mimi naitwa Lusungu, natoka Kyela. Nilihamia Dar es Salaam mwaka 2011 kufundisha hisabati katika sekondari moja ya Tandale, na Jumamosi ya tatu nilitembea hadi Kawe nikawakuta wanafanya mazoezi. Nikaomba kucheza.

"Unatoka wapi, braza?" aliniuliza Talha.

"Kyela."

"Mbeya huko? Mbeya kuna mchanga?"

"Kuna Ziwa Nyasa."

Akawageukia wenzake. "Anasema ziwa. Haya, mwingizeni. Akishindwa mpira atatuletea mchele."

Sikushindwa mpira. Nilikuwa beki wa kutegemewa, kwa sababu nilijua kusimama mahali ambapo mpira ulikuwa unakwenda badala ya ulipokuwa. Kwenye kupiga golini nilikuwa hafifu. Daftari linasema kwamba katika misimu miwili kabla ya fainali ile nilipiga mipira ya adhabu arobaini na mmoja na kufunga miwili. Katika mmoja kati ya hiyo miwili, kipa wao alikuwa anafunga kamba ya bukta.

Jambo hilo halikumponyoka Shomari, kocha wa Mkondo, timu ya Kijichi tuliyokuwa tunacheza nayo siku ile. Shomari alikuwa mtu wa hesabu kama mimi, ila yeye aliziweka kichwani. Aliwakataza vijana wake kumgusa Talha. Mtu wa kuangushwa hatari inapokaribia alikuwa mmoja tu, mimi, na zamu za kuniangusha alizigawa kwa mchezaji mmoja mmoja ili kadi zisirundikane kwa yeyote. Katika nusu fainali ya mwaka uliotangulia niliangushwa mara saba. Bado naisikia sauti yake kutoka pembeni, ya upole kama ya mtu anayekaribisha wageni:

"Mwangusheni Mwalimu! Taratibu jamani, msimuumize, tunamhitaji!"

Uwanja mzima ulicheka. Nilicheka pia, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi.

Baada ya msimu huo nilimpelekea Talha daftari na kumwomba aniondoe kikosini. Alikuwa ndani ya jokofu la muuza soda, kichwa na mabega. Akasoma ukurasa mzima akiwa palepale kwenye ubaridi.

"Kwa hiyo wewe ndio tundu letu," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa tundu wanalizibaga, hawalitupi na ndoo yake. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, ufukweni."

Kwa miezi mitatu tulikutana saa hiyo, mara nne kwa wiki, kabla sijaenda shuleni na yeye hajaenda kwenye majokofu yake. Lazima niseme ukweli kuhusu mafunzo yale: hayakuwa mafunzo. Talha alirundika kichuguu cha mchanga kwa unyayo, akapachika mpira juu yake, akasema, "Angalia mie," kisha akapiga. Mpira ulidunda mara moja karibu na mstari wa goli ukaingia. Akarudia. "Umeona?" Nilikuwa nimeona. Nikimuuliza pembe, au uzito uko mguu upi, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, mie sijui nyuzi. Mie napiga tu. Angalia tena."

Alikuwa anafika na chai ya tangawizi kwenye chupa, na baada ya kila mazoezi alinimiminia mimi kwanza. Sijapata kumwona mtu akitoa usingizi wake kwa moyo mweupe namna ile kwa kazi asiyoijua. Nilipanda kutoka moja katika ishirini hadi tatu katika kumi, nadhani kwa sababu ya kurudia tu.

Basi nikawa pale chini, sekunde kumi na moja, na Gaspar, mwamuzi, mtu mrefu wa Moshi, akachuchumaa karibu na sikio langu.

"Umeumia?"

Nilijikagua. Kifundo, goti, nyonga: vizima. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria wanafunzi wangu, au haki, au Mungu. Sikumfikiria yeyote. Niliulizwa swali na jibu lake nilikuwa nalijua.

"Sijaumia," nilisema, nikainuka.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Mwinjuma alijitupa chali golini kwake. Shomari alipiga makofi mawili, taratibu, kwa heshima ya kweli. Talha alikuwa ameshafika mstarini, kizibao mkononi, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake. Kisha akakivaa kile kizibao, kimegeuka nje ndani, na akarudi kukaa.

Nilirundika kichuguu changu. Nikapachika mpira. Nikapiga. Ulimshinda kipa, ukagonga mtambaa panya, ukapaa nyuma ya goli hadi kwa wauza mihogo.

Katika dakika tatu za nyongeza Talha alicheza zote tatu kwa goti lile. Alipiga mara mbili: moja kipa aliokoa, moja ilipita juu. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, Mkondo walifunga. Tano kwa nne.

"Ungelala tu," Mwinjuma aliniambia akivua glavu zake. Alikuwa analia na hakujificha. "Dakika moja, Mwalimu. Watu wanalala mpaka kwenye kikao cha wazazi huko shuleni kwenu, wewe umeshindwa kulala mchangani?"

"Nilikuwa mzima."

"Mzima! Haya, nenda na uzima wako."

Yeye na wenzake wakaondoka bila kunisubiri.

Siku hizi Talha ni kocha, na timu zake zimechukua ubingwa mara tatu. Ana cheti cha kozi ya wiki mbili, amekitia kwenye fremu, na mwandishi yeyote akimuuliza alianzaje ukocha humwonyesha tarehe iliyo pale. Wachezaji wake wanasema hana mfano wake kwa kugundua kosa: atakutazama ukipiga mara tatu, asiseme neno, halafu akuambie kitu kimoja kidogo ambacho hutakisahau maisha. Mimi ni msaidizi wake na bado natunza daftari. Humo kuna tarehe nyingine, na ni ya Jumapili ile.

Jioni ile, baada ya mechi, watu walikuwa wametawanyika. Vijana wa maandalizi walikuwa wanakunja mikanda ya bluu ya mistari na wameshavua nyavu. Nilikuwa nimekaa mchangani kwa sababu sikuona pa kwenda palipokuwa bora zaidi. Talha alikuja akichechemea, bado amevaa kizibao chake kilichogeuka, akasimama mbele yangu.

"Niliomba ulale," alisema. "Nimekaa pale benchi namwomba Mwenyezi Mungu kabisa, ee Mola, huyu mtu alale."

"Najua."

"Munira kaja. Miaka kumi na miwili, kaja leo."

"Najua, Talha. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umeshasimama, umesimama." Aliangalia upande wa goli. "Nimekasirika, nisikufiche. Nimekasirika sana. Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua zaidi. Inuka, twende."

Tulikwenda mahali nilipopigia. Palikuwa pembeni, na muda wa nyongeza haukuwa umepavuruga. Kichuguu changu kilikuwa kimebomoka nusu. Kando yake ulikuwepo unyayo wangu wa kushoto, ule wa mguu wa kusimamia. Talha alipiga magoti, polepole, goti bovu mwisho. Akaingiza vidole kwenye alama ya kisigino kama mtu anayepima kina cha maji.

"Tazama. Mbele hapajazama. Kisigino kimekwenda chini vidole vitatu. Ulikuwa umeegemea nyuma, Mwalimu. Mtu akiegemea nyuma mpira utaacha kupanda?"

Nilichuchumaa nikatazama. Ilikuwa kweli. Ilikuwa imeandikwa pale, wazi kuliko chochote nilichowahi kuandika ubaoni.

"Miezi mitatu hukuniambia hili."

"Sikuwahi kuutazama mguu wako," alisema. "Nilikuwa naonyesha wa kwangu."

Akafuta ule unyayo kwa kiganja, akasawazisha mchanga. Kisha akamwita mmoja wa wale vijana amwachie mpira mmoja.

"Piga. Goti la kushoto likunje, kifua kiende na mpira. Mie siangalii goli, ujue. Mie naangalia hapa chini."

Nikapiga. Akaukagua unyayo. "Vidole viwili. Tena." Nikapiga. "Viwili. Tena."

"Baba Lulu!" Munira aliita kutoka chini ya mwavuli. "Mtoto ana njaa!"

"Moja tu, mke wangu."

"Moja ulisema tangu ile ya kwanza!"

Nilipiga tisa. Lulu alikuwa anaukimbilia mpira na kuurudisha kwa mikono miwili, amelowa mpaka kiunoni, amefurahi. Baada ya ule wa tisa Munira aliukunja mwavuli. Nilidhani anaondoka, na kwa kweli ningemwelewa. Badala yake alitembea hadi golini, akasimama katikati ya milingoti isiyo na wavu, baibui likimpepea.

"Mwalimu, piga," alisema. "Nikiudaka huu, tunakwenda nyumbani."

"Shemeji, nitakuumiza."

"Piga, nimesema."

Nilimtazama Talha. Hakuwa amesikia lolote. Alikuwa ameinama shavu likikaribia kugusa mchanga, jicho moja amelifumba, anausubiri mguu wangu.

Nikapiga. Mpira ulidunda hatua mbili mbele ya Munira, ukapita kando ya bega lake, chini ya mtambaa panya.

"Kidole kimoja!" Talha alipiga kelele. "Kimoja, Lusungu!"

Munira aliugeukia mpira ulikokwenda. Akamtazama mumewe kwa muda, yule mtu mzima aliyelala kifudifudi akiushangilia unyayo wa mtu mwingine. Halafu akavua kandambili zake, akazitupa kando ya mlingoti, akafunga pindo la baibui kiunoni.

"Tena," alisema.