Ubao wa Darasa la Sita

Shule ilipofungwa na kugeuzwa nyumba za kupanga, mtoto wa mwalimu wa hesabu hakukawia kumpangia mama yake chumba. Si chumba chochote, bali kile kile cha darasa la sita alichofundishia miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Mwalimu alipoingia alikuta jiko pale yalipokuwa madawati ya mbele, na bafu palipokuwa na kabati la vitabu. Ubao mweusi tu ndio ulioachwa ukutani, kwa amri ya watu wa majengo ya kale.

Siku ya tatu akachukua chaki, akaandika: sabuni, vitunguu, dawa ya presha.

Kesho yake msimamizi wa jengo akaja kukagua bomba, akauona. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, na wenzake walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

"Samahani sana, Mwalimu. Ubao huu hauandikwi. Ni urithi."

"Nani kasema? Miaka yote hiyo nani alikuwa anauandika, si mimi?"

"Ndiyo maana ukawa urithi," Kasuku akajibu kwa adabu, akamshikia ndoo huku Mwalimu anafuta.

Mwezi haukuisha, mwenye jengo akaleta wageni. Ubao mtupu haukuwavutia. Basi akaitwa mchoraji wa mabango, akaja na rangi nyeupe ya mafuta, akaandika jedwali la kuzidisha kwa mwandiko wa kupendeza. Siku hiyo Mwalimu alikuwa kliniki. Aliporudi, rangi imeshakauka. Akausoma ubao mstari kwa mstari, kama anayesahihisha madaftari. Saba mara nane, hamsini na nne.

Akakaa kitandani, akampigia Kasuku.

"Njoo ufute hii."

"Haiwezekani, Mwalimu. Imeshapigwa picha, imeshapelekwa kuchapwa kwenye vipeperushi."

"Saba mara nane ni ngapi?"

Kasuku akanyamaza, jambo ambalo darasani hakuwahi kulifanya. "Hamsini na sita," akasema mwishowe. "Lakini kwenye vipeperushi ni hamsini na nne."

Mwalimu akautundikia shuka, akaambiwa aiondoe. Akaona heri ageuze kitanda, kielekee dirishani.

Mtoto wake alipomtembelea, alishangaa. "Mama, ubao mzuri namna hii unaupa kisogo?"

"Napenda mwanga," akasema, akamsogezea chai.

Mtoto akausoma ubao wote, kuanzia juu hadi chini, akaitikia kwa kichwa. Hakuona kosa lolote. Na hesabu alifundishwa na mama yake, chumba hicho hicho.