Vichupa viwili vya Ilyasi

Gari lililobeba sampuli kwenda hospitali lilikuwa limeshapita soko la Muyinga, linashika njia ya Gitega, ndipo Layla akakumbuka kwamba vichupa vyote viwili vimeandikwa jina moja.

Yeye na mke mwenzie Zaituni walikuwa wamejichukulia sampuli wenyewe nyumbani, kwa kijiti cha pamba, itafutwe dalili ya kansa ya mlango wa kizazi. Lakini kuandika majina yao kwenye vichupa alikataa mume wao Ilyasi, fundi cherehani. "Karatasi ya ofisi inabeba jina la mwenye nyumba," alisema. Akaandika Ilyasi, kisha Ilyasi.

Wiki tatu baadaye muuguzi aliwasomea jibu: Ilyasi mmoja mzima, mwingine ana virusi vinavyoleta kansa hiyo, aende Gitega kutibiwa mlango wa kizazi.

"Haya, mwenye nyumba, panda gari," Layla akamwambia Ilyasi.

"Mi iko na kazi."

"Na kizazi, Baba Shafii, we iko nayo?" Zaituni akamuuliza mumewe.

Wanawake walirudia kipimo, wakaandika majina yao. Mgonjwa alikuwa Layla. Alitibiwa mapema, akapona. Zaituni ni mzima. Ilyasi bado anashona, na wateja waliosikia kisa hicho humuuliza hali ya kizazi chake.