Majibu ya Wifi

Ukungu mweupe ulikuwa umeota mpaka ukingoni mwa dawa. Dokta aliinua kisahani kuelekea dirishani, akakigeuza huku na huku, akitafuta mahali ambapo dawa ingekuwa imeusukuma nyuma walau kidogo. Hapakuwapo. Ndani ya kisahani kile alikuwa ameotesha fangasi waliotoka ukeni mwa mke wa mdogo wake, kisha akapanga juu yao vijiduara vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kijiduara cha kidonge cha kumeza, kile ambacho kila duka la dawa huuza, kilikuwa kimezingirwa pande zote, kama mtu aliyekaliwa kooni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Pembeni, dawa ya zamani ambayo wengi hawaiandiki tena ilikuwa imejichorea pete pana, safi, isiyo na hata doa.

Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa maabara, na kazi yake ilikuwa kutazama kwenye hadubini vitu ambavyo wenyewe hawapendi hata kuvitaja. Lakini nyumbani kwao jina la Dokta lilimganda tangu alipokuwa chuoni, na mama yake alilipenda mno kiasi kwamba kulisahihisha kungekuwa utovu wa adabu.

Wifi yake alimjia kwa mlango wa nyuma wa maabara, mtandio umeshuka hadi machoni. Alieleza huku akitazama sakafu: muwasho usiompa usingizi, uchafu mweupe mfano wa maziwa yaliyokatika, maumivu akiwa na mumewe. Alikuwa amemeza dawa, akapona, ukarudi. Akameza tena, ukarudi na hasira zaidi. Sasa mumewe alikuwa amehamia kochini, na mama mkwe ameanza kufua shuka zake kando na za wengine.

"Nimeona aibu kwenda kwa mtu baki," alisema. "Nikaona heri nije kwako, wifi."

Dokta alimlaza, akachukua sampuli kwa mkono mwepesi, wala hakumuuliza jambo lisilohusika. Kwenye hadubini aliwaona palepale: chembe za mviringo zilizochipua vichipukizi, zimejazana bila nafasi. Angeweza kumwambia dakika ileile kwamba hao ni fangasi, kwamba hata mwanamke asiyemjua mwanamume huwapata, kwamba hakuna mtu aliyemletea. Alimwambia asubiri majibu.

Kiini cha kusema hivyo alikijua, ingawa asingekubali hata kwa kuapishwa. Siku ya sherehe ya kumwingiza wifi huyu ndani kama bi harusi, wanawake walipokuwa wakitaniana, mmoja alimuuliza bi harusi kama hamwogopi wifi msomi namna ile. Naye, kwa kicheko chake kile cha kumwagika, akajibu kwamba wifi yake hana shida na mtu, kazi yake ni kuchungulia vya wenzake kwa kuwa chake hakina wa kukichungulia. Sebule nzima ilicheka. Mama yake alicheka. Dokta, ambaye mumewe alimwacha kabla hata vyombo vya harusi havijapoteza mng'ao, alicheka kuliko wote, na kicheko hicho kikamkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Mwenye mzaha aliusahau kabla ya sahani kuoshwa.

Jumapili alasiri aliitwa nyumbani kwa mama. Aliwakuta wote sebuleni. Juu ya meza palikuwa na pakiti tupu za dawa, ambazo mama alizivumbua chini ya godoro la mkwewe. Mama aliongea kwa muda mrefu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Alisema hamtuhumu mtu. Alisema yeye amezaa na kuzeeka katika ndoa, na maradhi ya huko hayajapata kumgusa, kwa sababu mlango wake ulikuwa na mwenyewe mmoja. Mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, akikana kila shutuma kwa sauti iliyozidi kukauka. Hatimaye akasema kwamba Dokta amempima, aulizwe yeye.

Mdogo mtu akamgeukia dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea wakati mama akihangaika na kazi. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Dada, nikikuuliza wewe sitauliza tena mtu mwingine. Ana ugonjwa wa kutembea nje, au hana?"

Dokta alihisi macho yote yakitua juu yake. Akasema, kwa sauti ya kazini, kwamba siri ya mgonjwa haisemwi hadharani.

"Mimi ndiye mgonjwa," wifi yake akadakia. "Nimekuruhusu. Waambie ulichokiona."

Hapo njia zote zilikuwa zimezibwa isipokuwa mbili. Kisahani alikuwa amekitazama Ijumaa. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, mepesi, machache. Badala yake alinyoosha sketi yake magotini.

"Majibu hayajakamilika," alisema.

Mama alishusha pumzi kana kwamba amejibiwa. Mdogo wake aliinamisha kichwa. Wifi peke yake hakuangalia kando. Alimkazia Dokta macho kwa muda, bila machozi, kama mtu anayesoma bango kwa mbali, na Dokta akaona waziwazi kwamba amelisoma lote. Kabla jua halijazama wifi alikuwa ameondoka na begi lake, na mama akauondoa mto wake kitandani kwa ncha za vidole.

Utamu wa kisasi ambao Dokta alikuwa ameungoja miaka yote ulidumu hadi kituo cha basi. Jumatatu alikaa mbele ya hadubini akashindwa kuzisoma sampuli za watu. Kilichomtesa ni kwamba kazi yenyewe aliifanya vizuri. Mkono wake haukusema uongo, wala jicho. Alipiga moyo konde, akamfuata mdogo wake kazini, karakana ya kutengeneza majokofu, akamweleza yote akiwa amesimama: ni fangasi sugu, mkeo hana hatia, nami nilijua siku ile. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alitamani kutukanwa.

Mdogo wake aliendelea kufuta mikono kwa tambara.

"Nilikuwa nashuku hivyo," alisema. "Lakini yameshatokea, dada. Mama amekwisha kuzungumza na watu wengine. Na mimi nilikuwa nimechoka."

Akamuuliza kama atakunywa soda.

Basi Dokta akaitafuta ile dawa ya zamani mwenyewe, duka baada ya duka, akampelekea wifi yake. Wifi alikuwa kwa shangazi yake, kwenye kibaraza alichokifanya chumba cha ushonaji, wateja kadhaa wameketi kwenye benchi wakisubiri nguo. Dokta alimwomba faragha kidogo. Mguu haukutoka kwenye cherehani.

"Sema hapahapa, dokta. Hawa wote ni wanawake." Hakusema wifi. "Tena paza sauti, mashine ina kelele."

Dokta akaanza kwa kunong'ona, ikabidi arudie. Alisema kwamba ni fangasi. Kwamba hawakuletwa na mwanamume yeyote. Kwamba kile kidonge cha kila duka hakiwaui fangasi wa aina hii, hata akimeza gunia. Kwamba hii ni ya kuweka ndani, kila usiku kwa wiki mbili, asiikatize hata muwasho ukiisha mapema. Kila sentensi ilitoka kama kitu kinachong'olewa. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba alijua yote siku ile ya sebuleni, na alinyamaza kwa makusudi.

Kitambaa kilizidi kuteleza chini ya sindano. Wifi yake alinyoosha mkono mmoja, akapokea dawa, akaiweka kando ya mkasi, akaugeuza mshono.

Kisha mwanamke mtu mzima, aliyekuwa ameshika gauni la mjukuu wake, akajisogeza akaacha nafasi.

"Mwanangu," alisema polepole, "kaa. Hebu rudia hilo la kuletwa na mwanamume."

Dokta akatazama upande wa cherehani, akingoja mguu ule usimame walau mara moja. Ulikuwa unakanyaga. Akaketi, akarudia.